Ni Macho ya Ami, au ni Mbao?

Mnamkumbuka yule Mturuki wa Paris 2024? Yusuf Dikeç, miaka 51, fulana tu, mkono mmoja mfukoni, miwani ya kawaida usoni, akaondoka na medali ya fedha ya bastola ya hewa, mashindano ya jozi. Wiki nzima simu zetu zilikuwa ni yeye. Na kila kichekesho kilichosambaa kilikuwa na ujumbe uleule: vifaa ni mbwembwe, mtu akiwa na kipaji hahitaji kitu.

Mimi leo nabishana na hicho kichekesho. Tangu Machi nimekuwa nikishinda na mzee mwengine, mkubwa kuliko Dikeç, hapa hapa Mkomani, nyuma ya uwanja wa maonyesho. Na nilichoona ni hiki: kati ya jicho la mtu na tundu kwenye karatasi kuna mahali ambapo kamera haifiki. Ni ndani ya mbao ya bunduki, pale chuma kinapokaa.

Kabla hamjaanza kunitumia ujumbe: ndio, nimesema bunduki. Najua kijana wa Kisauni akiandika hilo neno mtandaoni watu hufikiria vitu viwili tu, askari au mwizi. Baada ya miaka yote ya habari za vijana wa mapanga, sishangai. Mamangu mwenyewe alipoona picha za karatasi za shabaha kwenye simu yangu, alikaa chini kwanza ndipo akauliza, "Hizi ni za nini, we mtoto?" Kwa hivyo niseme mara moja. Bunduki hii ina leseni, mwenyewe ana leseni, hulala kwenye sefu iliyofungwa ukutani, na mimi sijaifyatua hata siku moja. Kenya hata kutengeneza silaha za watu ni kazi ya aliyesajiliwa. Mimi nilikuwa mtu wa karatasi, rula na kukoroga gundi. Na video hakuna. Ami alikataa, na nikiangalia mtaa wetu naona alikuwa sawa.

Ami si ndugu wa babangu. Ni jirani, rafiki wa marehemu baba, mstaafu wa bandari, na kwetu mtu kama huyo ukimwita kwa jina lake utazabwa kofi na mpita njia. Ana miaka 67. Bunduki yake ni ya Kijerumani, ya kulengea shabaha, aina ya .22, mwili wake wa mbao ya walnati. Aliinunua kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao, zamani, mimi sijazaliwa. Kila Jumamosi asubuhi huenda klabu yao huko pwani ya kaskazini, hulala kifudifudi kwenye mkeka, hupiga risasi 60 kwa karatasi zilizo mita 50. Katikati ni alama 10, kwa hivyo ukipatia zote unapata 600. Siku zake Ami alikuwa mtu wa 588. Mwaka jana alishuka mpaka 561.

Na kwenye mchezo huu huwezi kumwambia mtu "umezeeka" ukadhani umemaliza maneno. London 2012, Sergei Martynov wa Belarus alipiga 600 kwa 600 kwenye mchujo na akachukua dhahabu akiwa na miaka 44. Oscar Swahn wa Uswidi alipata fedha ya ulengaji Antwerp 1920, miaka 72, na ndevu zake. (Huu wa kulala kifudifudi wanaume wameutoa Olimpiki baada ya Rio 2016, na Jumuiya ya Madola nao Birmingham 2022 hawakuweka ulengaji kabisa. Ami akilizungumzia hilo chai inapoa.)

Lakini nyumbani walisema hivyohivyo. Kijana wake aliyeko Muscat alipiga simu, nikiwa barazani nasikia: "Baba, macho yamekwenda. Rudisha leseni, hiyo kitu iuzwe, tupumue." Ami hakubishana. Alisema mpaka mwisho wa Agosti asipofikisha 570, atauza mwenyewe. Alisema mbele ya mkewe, na Ami si mtu wa kumeza neno.

Mimi niliingizwa na karatasi. Ami huweka karatasi zake zote za shabaha, miaka nenda miaka rudi, ndani ya mkoba wa plastiki, na alitaka nimpigie picha zikae kwenye simu. Sasa mimi nilisoma takwimu chuoni mwaka mmoja na nusu kabla sijaacha. Wa kitambo hapa mnajua hadithi, wageni msianze. Mkono haukutulia. Nikazitia kwenye Excel: kila tundu, kushoto au kulia kwa kiasi gani, juu au chini kwa kiasi gani. Nilitegemea kuona wingu. Jicho lililochoka humwaga matundu kama mchele ulioanguka sakafuni, huku na kule, mengi katikati na machache pembeni.

Haikuwa wingu. Zilikuwa ni chungu mbili. Moja juu kushoto, moja chini kulia, na katikati yao karibu hakuna kitu. Karatasi baada ya karatasi.

Nikamwonyesha. Akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Akasema, "Kesho twende kwa Fundi."

Fundi yuko mjini, ana leseni ya kutengeneza silaha, duka halina hata kibao. Ni mtu wa maneno machache na kahawa nyingi. Aliangalia jedwali langu sekunde kumi akaniuliza hizo karatasi zilipigwa siku gani, kulikuwa na mvua au jua. Sikuwa na hilo. Akasema, "Kijana, namba bila hali ya hewa ni nusu namba." Jumamosi iliyofuata alikuja klabu yeye mwenyewe, akaweka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, akapiga mizunguko kumi ya risasi tano tano. Fundi ana miaka arubaini na kitu na macho ya mwewe.

Chungu mbili. Zilezile.

Hapo mimi nilitaka kupiga simu Muscat. Ami akasema ngoja.

Sasa niwaeleze kwa nini, manake hapa ndipo penye utamu. Risasi nyingi zina kiberiti chake katikati ya sehemu ya nyuma ya ganda. Hii ya .22 kiberiti kimezungushwa ndani ya ukingo, pini ikigonga ukingo unawaka. Ni ya tangu 1887. Kichwa chake ni risasi ya gramu 2.6 hivi, na hizi za shabaha hutoka kwa mwendo wa mita 320 mpaka 330 kwa sekunde, chini kidogo ya mwendo wa sauti. Wenye bunduki kubwa wanaweza kupika risasi zao nyumbani, wakapima baruti kwa mizani mpaka wakapata chakula bunduki inachopenda. Ya .22 huwezi. Unanunua boksi, unakula kilichopikwa. Umebakiwa na mambo machache ya kurekebisha, na kubwa lao ni vile bunduki inavyokaa kwenye mbao yake.

Ukifyatua, chuma chote kinatetemeka kama uzi wa udi ukipigwa. Risasi bado iko ndani ya mtutu wakati huo, milisekunde mbili tatu. Kutetemeka si tatizo. Tatizo ni kutetemeka tofauti. Kama chuma kimekaa palepale kila mara, mtikisiko ni uleule na risasi inatokea upande uleule. Lakini kama chuma kinaweza kukaa namna mbili, mara kimeegemea huku, mara kule, basi una bunduki mbili ndani ya moja, na karatasi itakwambia.

Na hatuzungumzii kusogea sana. Mtutu wa Ami ni sentimita 66. Fanya hesabu: ncha ikielekea pembeni kwa sehemu ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi ya fotokopi, kule mita 50 risasi imehama zaidi ya milimita 7. Na duara la alama 10 lina upana wa milimita 10.4. Karatasi moja ya fotokopi na uko ukingoni.

Sasa chukua mbao, uilete Mombasa. Walnati imekaushwa Ulaya, ikachongwa ikafuata chuma kama soli na mguu, halafu ikaja kukaa miaka thelathini na kitu kwenye hewa yetu. Kaskazi inavuma, jua, mbao inakauka. Masika inaingia, nguo haikauki siku tatu, mbao inakunywa. Kila ikinywa inavimba kwenye upana, ikikauka inarudi, lakini hairudi sawasawa ilivyokuwa. Chuma chenyewe hakijui masika. Kwa hivyo godoro linabadilika, mlalaji habadiliki.

Watu wa pwani hii tunalijua jambo hili kuliko tunavyojisifia. Muulize fundi yeyote wa mashua. Akishapiga kalafati, pamba na mafuta katikati ya mbao, anaiacha mashua ndani ya maji ivimbe, mbao zikabane zenyewe. Kwake kuvimba ni rafiki. Waulize Wakamba wa kiwanda cha vinyago Changamwe, wao kuvimba na kusinyaa ni adui: twiga aliyechongwa na mti mbichi akifika kwenye nyumba yenye hita huko Ujerumani anapasuka shingo. Mimi nimekulia kati ya watu hawa na sikuwahi kufikiria kwamba wanaongea jambo moja na mtu wa bunduki.

Fundi alifanya majaribio mawili ambayo hayakumgharimu hata shilingi. La kwanza, alichukua noti akaipitisha kati ya mtutu na mbao, kutoka ncha kurudi nyuma. Mtutu wa bunduki ile ulitakiwa uelee, usiguse mbao popote. Noti ilienda vizuri, vizuri, halafu upande wa kushoto, kama kiganja kimoja na nusu kutoka ncha, ikakwama. La pili, aliweka kidole pale chuma na mbao zinapokutana, nusu huku nusu kule, na kwa mkono mwengine akalegeza skurubu ya mbele iliyoshika chuma kwenye mbao. "Lete kidole," akamwambia Ami. Ami akaweka. Fundi akakaza, akalegeza. Ami akasema "Subhanallah" kwa sauti ya mtu aliyehisi mtoto akicheza tumboni. Chuma kilikuwa kinainuka. Maana yake kila skurubu ilipokazwa chuma kilikuwa kinapindwa kufuata mbao iliyokwenda mrama.

Huko klabu nyuma walikuwa wameshamshauri mambo. Mmoja alisema nunua mtutu mpya. Mwengine alisema acha mbao, agiza mwili wa aluminiamu kutoka ng'ambo, bei yake usiulize mtu mwenye pensheni. Mwengine akasema tia darubini, na kwenye mchezo huo darubini hairuhusiwi. Hakuna aliyepitisha noti. Hii ni tabia yetu sote, na ninaisema kama mtu anayelipwa kuwaonyesha simu: kitu kikiharibika tunatazama dukani kabla ya kutazama kitu chenyewe.

Kazi yenyewe Kiingereza wana neno lake, lakini Fundi alisema "kuitandikia". Unaitandikia bunduki kitanda. Nimelipenda hilo neno kupita kiasi.

Anaanza kwa kutoa. Pale chuma kinapolala alichonga mbao kwa patasi, kama milimita mbili, akaacha vijisehemu vidogo vya mbao ya asili viwe alama ya kimo, chuma kisizame. Akapanua matundu ya skurubu mbili, akatia ndani yake vijinguzo vya aluminiamu. Hivyo vijinguzo ndio siri nusu. Ukikaza skurubu juu ya mbao, mbao inabonyea, na kesho inabonyea zaidi. Ukikaza juu ya nguzo, chuma kimekutana na chuma, mbao imepumzishwa. Kwenye njia ya mtutu akapiga msasa mpaka noti ikapita bila kugusa, halafu noti mbili, halafu tatu, manake masika itarudi na mbao itavimba tena, iache ivimbe ndani ya nafasi yake.

Halafu ile gundi. Ni epoksi nzito, inakaa kama siagi ya karanga, haitiririki. Hapa ndipo niliposaidia, manake Fundi alikuwa na mkebe wa zamani uliokauka, na mimi nina rafiki anayetengeneza boti za faiba Mtwapa. Epoksi ya kuziba boti ikishakauka hairudi nyuma, hainywi maji kama mbao. Fundi akainusa, akasoma mkebe mpaka mwisho, akakubali.

Kabla ya gundi ni nta. Kila sehemu ya chuma itakayoguswa ilipakwa nta ya viatu, ikaachwa, ikasuguliwa, ikapakwa tena, mara nne. Matundu yote na mianya yote ya chuma ikajazwa udongo wa kuchezea watoto, ule wa rangi. Ukisahau mahali padogo kama punje ya mtama, epoksi itaingia, itashika, na mbao na chuma vitakuwa vimeoana bila talaka. Fundi aliangalia na tochi. Akampa Ami tochi aangalie. Akanipa mimi. Hakuniamini, alitaka tu macho ya ziada, na alisema hivyo.

Na joto letu sasa. Epoksi hukauka kwa kujipasha moto, na ukiikoroga nyingi kwenye kikombe kimoja mchana wa Mombasa, inaanza kufuka moshi mikononi mwako kabla hujapaka. Tulifanya baada ya Isha, feni imezimwa isirushe vumbi, nikakoroga kidogo kidogo juu ya kigae bapa, dakika nne kwa saa, vipimo kwa mizani ya vito aliyoazima kwa sonara wa jirani. Fundi akapaka, kwanza kwa kusukuma pembeni hewa isibaki. Chuma kikashushwa taratibu. Skurubu hazikukazwa hata kidogo, zilikuwa za kuongoza tu, manake ukikaza wakati gundi ni mbichi utakuwa umegandisha ule upindo uliokuja kuutoa. Mtutu ulizungushiwa utepe wa karatasi mbele ili ukae katikati. Iliyofurika ikafutwa na kitambaa chenye siki. Ndio, siki ya kachumbari.

Saa 24. Ami hakulala, niliambiwa na mkewe, Mama Swaleh wa baraza yetu, ambaye mpaka hapo alikuwa upande wa Muscat.

Kesho yake usiku Fundi alitoa skurubu, akagonga chini ya mtutu kwa nyundo ya mpira, mara moja, mara mbili. Hakuna kitu. Mara ya tatu ikatoa mlio kama wa mtu anayepasua ganda la bisi, na chuma kikainuka. Ndani ya mbao kulikuwa na sura kamili ya chuma, kila mstari, mpaka zile herufi ndogo za kiwandani zimetokea kinyume. Ami alipitisha kidole juu yake muda mrefu bila kusema kitu. Kilichobaki kilikuwa kazi ya mkono: kusafisha kingo, kupaka vanishi ndani yote ya mbao, hata pale pasipoonekana, ili unyevu usipate mlango. Nje ya bunduki utaitazama mpaka kesho, hakuna kilichobadilika. Ndo maana hii kazi haina kontenti.

Mimi nilikuwa tayari kutangaza ushindi. Fundi akasema hapana, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Risasi zilezile, za boksi la namba ileile ya kiwandani. Mifuko ileile ya mchanga. Mpigaji yuleyule, Fundi. Na skurubu zikazwe kwa spana inayopima nguvu, si kwa kukisia. Alianza nyutoni-mita 3, akapiga, akapanda 4, akapiga, 5, akapiga, na kwenye 5 ndipo bunduki ilipotulia. Mimi naandika, pamoja na hali ya hewa safari hii.

Kabla ya kutandikiwa, kwenye mizunguko ile kumi, wastani wa umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi ulikuwa milimita 24. Baada yake, mizunguko kumi, milimita 13. Chungu ni moja. Nikasema basi. Fundi akasema tungoje mvua.

Tulingoja. Mei ilinyesha kama mnavyoijua Mei ya hapa, ile ya maji kufika magotini. Tukarudi klabu Jumamosi ambayo mkeka ulikuwa unakamuliwa. Noti ilipita bila kugusa. Milimita 14. Hapo hata Fundi alicheka, nikamwona jino la dhahabu ambalo sikujua analo.

Wale wa "kipaji tu" nawauliza: kama Ami angesikiliza, si angeuza bunduki nzuri na kubaki na jina la mzee asiyeona? Kosa lilikuwa la mbao, lawama ikampata mtu, kwa sababu mtu ndiye anayeonekana. Na angekubali, manake akiwa na miaka 67 kila mtu yuko tayari kumwamini anayesema umechoka, mpaka yeye mwenyewe.

Lakini sitawadanganya kwamba hadithi imeishia hapo, ingawa ingenoga.

Jumamosi ya pili ya Agosti Ami alipiga 60 zake, yeye mwenyewe, kwenye mkeka, bila mifuko ya mchanga. Kijana wa Muscat alikuwa kwenye simu ya mamake akisubiri. 576. Mama Swaleh alipiga kigelegele barabarani, majirani wakadhani kuna posa. Muscat ikanyamaza kidogo halafu ikasema, "Haya Baba, hongera." Leseni haiendi popote.

Jioni yake Ami akaniita barazani na zile karatasi. "Zitie kwenye hilo dude lako." Nikatia. Risasi 40 za kwanza alipoteza alama 8 tu. Ishirini za mwisho alipoteza 16, na hizo hazikuwa chungu mbili, zilikuwa ni lile wingu nililolitegemea mwanzo, limetawanyika kila upande kama mchele. Nilijaribu kulisema polepole. Yeye alikuwa ameshaliona kabla sijafungua mdomo.

"Zamani nilikuwa sijui ipi ya bunduki na ipi yangu," akasema. "Sasa nimebaki mimi."

Hakusema kwa huzuni. Alikuwa anakunja utepe wa kupimia. Akaniuliza kama macho kuchoka baada ya nusu saa ni ya kawaida au ni mtoto wa jicho, nikamwambia mimi niliacha takwimu, udaktari sikufika hata mlangoni. Akacheka.

Alhamisi ana miadi ya macho mjini. Ameniambia nichapishe yale matundu ishirini ya mwisho kwenye karatasi moja, kila tundu na namba yake na dakika yake, amwonyeshe daktari.